Kilima cha Sehemu ya Pili

Mimi si mtu wa michezo, na nilisema hilo tangu utotoni. Wenzangu walipokuwa wanapiga chandimu nyuma ya kanisa, mimi nilikuwa natafuta njia ya kuondoka. Niliondoka na shati moja la kubadilisha, nikashuka milima ya Mbinga hadi Mbamba Bay, nikabeba magunia gatini, nikavuka ziwa, kisha nikasogea kusini mji kwa mji hadi Johannesburg. Hakuna mjomba aliyenipokea. Mchana nilitengeneza mafriji ya maduka, jioni niliingia darasani na mikono inayonuka gesi, na mwisho nikatoka na Diploma ya Usimamizi wa Biashara yenye muhuri wa kubonyea, ambao hata ukifumba macho unausikia kwa kidole. Wapo kijijini kwetu waliosoma zaidi yangu. Hao walisomeshwa. Mimi, tangu nilipomaliza kidato cha nne, nilijisomesha. Kabla ya hapo nilisomeshwa na mibuni ya baba, na ni kwa ajili ya mibuni hiyo naandika haya.

Mashine ya gemu niliinunua Johannesburg, wakati wenzangu tuliopanga nao walikuwa bado wanaazimana pasi. Jumapili za baridi kule ni ndefu, na mtu mwenye akili hazimalizii baa. Gemu yenyewe ilikuwa ya mpanda farasi katika nchi kubwa. Si zile za kukimbizana kwenye kinjia kimoja. Hii ulipewa nchi nzima: milima, mito, misitu, ziwa, vijiji, na hakuna aliyekuambia uanzie wapi. Ukiona mlima kwa mbali, haukuwa pazia la kuchorwa. Ungeweza kuuendea, na ukifika kileleni ukaona mwingine. Mipaka yote niliyovuka maishani niliivuka nimeinamisha kichwa, nikiomba askari asiniulize. Mle ndani nilipita kichwa juu.

Nilipokuja likizo niliileta, pamoja na televisheni na jenereta ndogo. Ilikuwa jenereta ya kwanza upande wetu wa mlima, na walioisikia kutoka ng'ambo ya bonde walidhani ni mashine ya kukoboa mahindi, wakaja na magunia yao. Baba yangu alikuja kukaa kwenye kochi siku ile bila kuvua koti. Alitazama kwa heshima, kama anavyotazama mambo ya wageni, mpaka mpanda farasi alipofika kaskazini ya nchi ile, kwenye kilima fulani chenye mashamba.

"Simama," alisema. "Rudi kidogo. Hiyo si ngoro?"

Ngoro ni yale mashimo ya mraba tunayochimba sisi Wamatengo kwenye miteremko. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo katikati na kuufunika juu ya nyasi, na mlima mzima unabaki na vishimo kama sega la nyuki. Mvua inyeshe inavyotaka, udongo haushuki. Kilima cha kwenye gemu kilikuwa na miraba ya namna hiyo. Mimi nilijua ni kuta za mawe tu, nilishazipita mara nyingi. Lakini ndani ya kila mraba palikuwa na vichaka vyenye matunda mekundu, na kwa mzee aliyekaa na kahawa maisha yake yote, hapakuwa na swali lingine.

"Hao ni watu wetu," baba alisema.

"Baba, hiyo imetengenezwa na Wajapani."

"Basi Mjapani alipita Mbinga. Mwambie huyo ashuke kwenye farasi. Hupiti shambani kwa mtu ukiwa juu ya mnyama."

Nikamshusha. Likizo yote ile, kila alasiri, tulikuwa hatupigani na mazimwi wala hatutafuti hazina. Tulikuwa tunapanda kilima kwa miguu, polepole, baba akikagua mibuni ya Wajapani. Aliona imepogolewa vibaya. Aliona mwanamke mmoja anayefagia mlangoni kila tulipopita, akamsalimu, na alipoona hajibiwi alisema labda ni mgonjwa wa masikio. Mama yangu, ambaye ni Mnyasa wa Liuli na hajawahi kuikubali milima hata baada ya kuolewa na kuzaa huku, alitaka tu kuona ziwa. Nilimpeleka. Alilitazama, akaguna.

"Ziwa gani hili? Hakuna mtumbwi hata mmoja, hakuna chanja la kuanikia dagaa. Watu wake wanakula nini?"

"Wanalima kahawa," baba alijibu, kwa fahari ya mtu aliyeshinda kesi ya siku nyingi.

Niliporudi moja kwa moja, miaka michache baadaye, mambo ya kahawa yalikuwa yamegeuka. Soko huria lilikuwa limeshazoeleka. Ghala la ushirika lililokuwa likipokea mzigo wa tarafa nzima lilikuwa limefungwa na mbuzi walilala kwenye baraza yake. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, wakatoa bei ya asubuhi, na mchana wakatoa nyingine. Bwana shamba aliyekuwa akipita kukagua ugonjwa wa chulebuni hakupita tena. Dawa ya mrututu ya kupuliza ilipanda bei hadi watu wakaacha kupuliza, na mibuni isiyopulizwa inazaa matunda meusi yaliyokauka kama mavi ya panya.

Sikurudi kulia. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikaiezeka bati la rangi, nikaitundika diploma yangu sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria. Niliandika mpango. Nasema bila kujisifu kwamba mpango ule ulikuwa mzuri kuliko mingi niliyoiona ofisini kwa watu: kikundi cha wakulima wa mteremko wetu, mashine yetu ya kumenya, kahawa iliyooshwa vizuri, na kuipeleka mnadani wenyewe badala ya kumngoja mtu wa lori. Majirani waliusikiliza na kutikisa vichwa kwa kukubali. Kila mmoja akasema maneno yale yale, kama wamekubaliana: baba yako akiwemo, nami nimo. Baba alikuwa na shamba la zamani kuliko yote, lile la bondeni, lililopandwa na babu. Mpango wangu wote ulisimama juu ya shamba lile, nami nilisimama juu ya mpango. Nilikuwa nimeacha kazi, nimeuza vitu, nimewaambia wote kule kusini kwamba narudi kuwa mkulima wa kisasa.

Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja. Kila nyumba inaleta chakula chake, mnanawa mkono mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa umri, na mambo ya ukoo yanazungumzwa hapo hapo juu ya ugali. Tunaita sengu. Zamani ilikuwa kila siku. Siku hizi ni Jumapili baada ya misa, na ni kwenye sengu ya Jumapili moja ya mwezi wa tisa, kahawa ya mwisho ikiwa imeshachukuliwa na lori kwa bei ya aibu, baba aliposema kwa sauti ya kawaida, akimega tonge:

"Mvua za kwanza zikilainisha udongo, nang'oa la bondeni. Nitaweka mahindi."

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Nilizungumza. Nilieleza kwamba bei za dunia hushuka na kupanda, kwamba mbuni ukiung'oa leo utangoja miaka kuupata mwingine, kwamba anayeng'oa bei ikiwa chini ndiye atakayelia bei ikiwa juu. Nilizungumza vizuri. Baba mdogo, mdogo wake baba, mtu mfupi mwenye ulimi mrefu, alinisikiliza hadi mwisho ndipo akajifuta mdomo.

"Mheshimiwa diploma, hayo ya bei ya dunia sisi tumeyaelewa. Sasa dunia yenyewe tuioneje? Mtu wa lori anasema amepewa bei na dunia. Wewe unasema ngojeni dunia. Huyu dunia mbona haji mwenyewe kula ugali na sisi?"

Wakacheka. Baba naye alicheka, na kicheko chake kiliniuma kuliko kung'oa kwenyewe.

Sehemu ya pili ya gemu nilikuwa nayo sandukuni. Niliinunua wiki ya kuondoka, ikiwa bado kwenye nailoni yake, na katika pilikapilika za kujenga sikuifungua. Jumapili ile, baada ya sengu, niliifungua kwa sababu sikutaka kuonana na mtu. Niliwasha jenereta, nikaweka sidii, nikakaa. Muziki ulikuwa ule ule wa zamani lakini umepigwa polepole.

Nchi ilikuwa ile ile. Hilo ndilo walilojivunia waliotengeneza: hawakuleta nchi mpya, walirudisha ile tuliyoijua, vizazi viwili baadaye. Mpanda farasi anaamka mahali alipolala mwisho wa sehemu ya kwanza, na anatoka nje. Mito iko pale pale. Nilijua daraja liko wapi, nikaenda, nikakuta nguzo tupu. Nilijua kijiji cha muuza mikate, nikaenda, nikakuta tanuri limebomoka na nyasi zimeota mdomoni mwake. Nilipiga mluzi kumwita farasi wangu; alikuja farasi mwingine, akanitazama, akageuka. Upepo wa majivu ulikuwa umepita kila mahali, na ulikuwa bado unapita, ukishuka kutoka kwenye ngome ya adui kusini. Uhuru ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo, ungeweza kutembea siku nzima bila kizuizi, na hapakuwa na pa kufika.

Sikusikia baba akiingia. Alikuwa amekuja, nadhani, kunituliza baada ya kile kicheko. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kochi lake.

"Huyu bwana bado yuko?" aliuliza. "Twende kule kwetu."

Nilipaswa kumwambia mashine imeharibika. Lakini hata mimi nilitaka kuona. Tukaenda kaskazini, na kilipotokea nyuma ya msitu, kilima kilikuwa cheusi. Kuta za miraba zilikuwepo, zikiwa zimejaa majivu. Vichaka vilikuwa vijiti. Nyumba ya yule mwanamke wa kufagia ilikuwa na mlango, haina paa. Mama, aliyekuwa anapita na ungo, aliona wingu la majivu likizunguka juu ya kilima, akasimama kwa furaha.

"Kungu! Tazama kungu hao!"

Kungu ni wadudu wadogo wa ziwani. Kuna msimu wanapanda juu ya maji kama moshi, na watu wa Liuli na Lundo wanatoka na vikapu kuwakinga, wanawaponda na kuwafanya maandazi. Mama aliona karamu.

"Si kungu, mama. Ni majivu."

"Majivu ya nini?"

Baba ndiye aliyejibu, bila kuondoa macho. "Wameng'oa," alisema. "Hata hao wameng'oa."

Sikupenda alivyolisema. Alilisema kama mtu aliyepata ushahidi. Ndipo nikachukua lile kasha la gemu na kumwonyesha nyuma yake. Palikuwa na picha ya kilima hicho hicho, nusu nyeusi, nusu kijani, miraba yake imejaa matunda mekundu.

"Hawajang'oa, baba. Wameharibiwa na adui. Adui akishindwa, kilima kinarudi. Ndiyo hadithi yenyewe, imeandikwa hapa."

"Kinarudi?"

"Kinarudi chote."

Baba aliligeuza lile kasha mkononi. Kisha akasema kwa utani, lakini namjua baba yangu, utani wake una mlango wa nyuma: "Haya. Nionyeshe kilima hicho kimerudi kabla ya mvua. Nikikikanyaga na kukiona, la bondeni siling'oi mwaka huu."

Mtu mwingine angecheka na kuliacha. Mimi nilishamaliza maneno yangu yote ya shule kwenye sengu na yalikuwa yameishia kwenye kicheko. Hili lilikuwa jambo ninaloliweza. Sijawahi kuanza kitu nikashindwa kukimaliza, na nilimwambia hivyo. Mwaka mmoja ungenitosha. Katika mwaka mmoja kikundi kingekuwa kimesimama.

Basi mwezi wa tisa ukaisha na wa kumi ukaingia, milima ikaungua moto wa kusafishia mashamba, na ukungu wa moshi ukalala juu ya bonde hadi ziwa lisionekane kutoka kwenye kona za barabara. Mimi nilikuwa ndani, napigana. Nilinunua dizeli Mbinga mjini na kuipandisha kwa pikipiki. Majirani walipouliza niko wapi, mama aliwaambia nina kazi ya kompyuta.

Nataka kueleza mchezo ule ulivyokuwa, kwa sababu sijaona kitu kilichotengenezwa kwa ustadi kama ule na kisicho na huruma kama ule. Mvua ilinyesha juu ya joho la mpanda farasi na joho likawa zito, ukaona anavyoburuta miguu. Upanga ulikatika katikati ya pigano, na hakuna duka lililobaki la kuuza mwingine. Uliokota wa maiti. Watu wachache waliosalia waliishi mapangoni, na kila mmoja alikuwa na ombi. Mmoja amepoteza ndoo. Mwingine anataka dawa kutoka ng'ambo ya bonde. Ulifanya yote hayo, ukarudi, nao walikushukuru kwa maneno yale yale waliyomshukuru mwingine. Kila kijiji nilichokiokoa kiliwasha moto mmoja mdogo, nikasogea mbele, na nilipogeuka nyuma sikuuona kwa majivu. Nilianza kuyaota. Niliota niko gatini Mbamba Bay nabeba ndoo ya mtu nisiyemjua.

Adui wa mwisho alikaa katika ngome na alinishinda mara nyingi mno. Baba alikuwa anakuja alasiri, anauliza tumefika wapi, ananiona nimeanguka kwenye ngazi za ngome na maneno mekundu yanatokea. Alinunua tochi mpya. Alinoa jembe la kung'olea visiki, nje, karibu na dirisha langu, nami nilisikia tupa ikipita juu ya chuma kila nilipokuwa navuka lile daraja la ngome.

Baba mdogo alipita siku moja kuomba chumvi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kwa hiyo Afrika Kusini umesomea kuwinda mazimwi?"

"Hii ni kwa ajili ya shamba."

"Ndiyo, nimesikia. Kaka amesema. Mimi nilidhani amelewa." Akatazama zimwi likinirusha ukutani. "Mpige miguuni, mwanangu. Mtu mrefu hapigwi kichwani."

Nilimpiga yule adui miguuni, na tangu siku hiyo nilianza kumweza. Nilitambua hatua zake, nikajua anapoinua bega la kushoto anatokea kulia. Nilijua nitashinda. Sikutaka kushinda peke yangu. Nikasevu mbele ya lango la ngome, nikazima jenereta, nikaalika watu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi na moja, mawingu yameshaanza kujenga juu ya ziwa. Sengu ilihamia kwangu. Baba alikaa kwenye kochi na koti lake la misa, baba mdogo kwenye stuli, mama mlangoni akichambua dagaa. Nilivua saa yangu nikaiweka mezani. Niliingia ngomeni na sikuanguka hata mara moja. Nasema kweli, sijawahi kufanya kitu kwa usahihi kama vile, si mtihani, si friji, si chochote. Adui alipopiga magoti baba mdogo aliruka kutoka kwenye stuli akipiga kelele kama timu imefunga bao, na mama akamwaga dagaa.

Kisha skrini ikawa nyeupe, na ikaanza ile sinema ya mwisho. Upepo ulisimama. Majivu yaliinuka kama vumbi linavyotimuliwa na ufagio, na chini yake pakawa kijani. Tuliona ziwa, mito, kijiji cha mikate. Halafu tukaona kilima. Kilionekana kutoka juu, kama anavyokiona ndege: miraba yote, na katika kila mraba kichaka, na katika kila kichaka matunda mekundu. Mwanamke alikuwa mlangoni akifagia.

Baba alisimama. Nilimtazama yeye, si skrini. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

"Kimerudi," alisema.

"Si nilikwambia, baba?"

"Umeniambia." Alifunga kifungo cha koti. "Haya, twende."

"Wapi?"

"Kilimani. Shamba haliangaliwi kutoka angani. Tulikubaliana nikanyage."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akipewa shamba, akirudishiwa shamba, akirithi shamba, halipokei kwa maneno wala kwa kuonyeshwa kwa kidole. Anatembezwa. Wazee wanatangulia, yeye anafuata, anakanyaga mpaka wote na kugusa udongo, na mpaka afanye hivyo hajapewa kitu. Baba alitaka tupande kile kilima kwa miguu, farasi tumwache chini, kama zamani. Nami nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikufikiri. Majina ya waliotengeneza yalipomaliza kupita, nikabonyeza kitufe cha kuendelea.

Tulijikuta mbele ya lango la ngome. Upepo wa majivu ulikuwa unavuma. Juu ya mnara, adui alikuwa amesimama.

Nilidhani nimekosea. Nilizima, nikawasha, nikafungua tena. Lango lile lile, majivu yale yale. Nikamgeuza farasi, nikamkimbiza nchi nzima hadi kaskazini, na chumbani ilisikika jenereta tu. Kilima kilikuwa cheusi. Nilimshusha mpanda farasi akapanda kwa miguu, na kila hatua yake ilitoa kile kisauti cha kukanyaga majivu, ambacho pia kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa.

"Kulikoni?" baba aliuliza.

Ilinibidi nieleze. Nilieleza kwamba gemu za namna hii zimetengenezwa hivyo: ukishinda unaonyeshwa mwisho, halafu unarudishwa pale uliposevu, kabla ya kushinda, ili uendelee kucheza. Ile nchi ya kijani ipo katika sinema tu. Hakuna mahali pa kuikanyaga. Sauti yangu niliisikia ikitoka kama ya karani.

"Yaani umeshinda," baba alisema polepole, "na wamekurudisha kabla hujashinda."

"Ndiyo, baba."

"Na ukishinda tena?"

"Watakuonyesha tena. Halafu watakurudisha."

Baba mdogo alifungua mdomo. Nilikuwa tayari kwa utani wake, ningeushukuru. Aliufunga. Akainama kumsaidia mama kuokota dagaa.

Baba alitazama vile vijiti kwenye miraba. "Basi waliotengeneza hii wanaijua kahawa," alisema. Hakukasirika. Alinishika bega, akaniambia nimejitahidi, akatoka. Heri angenitukana.

Mvua ilikuja wiki ile ile. Asubuhi ya pili yake, udongo ukiwa umelainika, baba alishuka bondeni na lile jembe, nami nikamfuata kwa sababu ni baba yangu na mizizi ya mibuni ya zamani mzee haiwezi peke yake. Anakata mizizi ya pembeni, mimi nasukuma shina, mti unalia kidogo, unalala. Baadhi ilikuwa na maua, yale meupe yanayotoka na mvua ya kwanza, na shamba lote lilinukia. Majirani walipita njiani, wakasalimia, wakaona nani anasukuma. Hakuna aliyenitajia kikundi tena. Wiki chache baadaye, mteremko mzima, moshi wa visiki ulikuwa unapanda kutoka kwa kila mtu, na mama alisimama kizingitini akiutazama, na safari hii hakusema ni kungu.

Diploma bado ipo ukutani. Wanaokuja wanaiona, nami nawapa wapitishe kidole kwenye muhuri. Nimepata kazi ya kutengeneza majokofu ya hospitali na ya maduka huku na kule, hadi Liuli, na naifanya vizuri kuliko fundi yeyote wa mkoa huu. Bondeni kuna mahindi. Ni mahindi mazuri, siwezi kusema si mazuri.

Gemu sikuiuza. Alasiri nyingine nikirudi naiwasha, ninampeleka mpanda farasi kaskazini, ninamshusha, anapanda kilima. Simpeleki ngomeni. Namsimamisha tu kwenye mraba mmoja karibu na nyumba isiyo na paa. Baba akiisikia jenereta anapita kwa nje, hapindi kuingia. Mama ndiye anayechungulia wakati mwingine, na ungo wake mkononi, anatazama kidogo yale majivu.

"Hawajapanda tu?"

"Bado, mama."

"Na mvua ndiyo hiyo inaisha," anasema, na kurudi jikoni.